Jinsi ya Kuiba Miaka Bila Kushikwa

Umesimama mbele ya kioo, ukavuta ngozi ya shavu kuelekea sikioni kwa vidole viwili, ukamwona yule wa miaka kumi iliyopita. Usione haya, sote tunafanya hivyo. Sogea nikuelekeze namna ya kumrudisha kwa leza.

1. Danganya mwili kwanza, watu baadaye. Leza isiyochubua huliacha tabaka la juu la ngozi na kupasha joto tabaka la ndani. Mwili hudhani umeumia, ukaanza kusuka kolajeni mpya, zile nyuzi zinazoikaza ngozi. Leza za miaka ya 1990 zilichubua uso ukabaki kidonda wiki nzima na zaidi. Hilo halifichiki hata kwa mtandio. Mwaka 2004 watafiti wa Boston walionyesha njia ya kuchoma vitone vidogo sana na kuacha ngozi nzima katikati yake, ili ipone upesi. Omba hiyo.

2. Weusi wako uheshimiwe. Hapa ndipo wengi huumbuka. Melanini, ile rangi ya ngozi yako, hufyonza mwanga. Mwale usiofaa huishia kwenye rangi, ukaunguza na kuacha madoa meusi yatakayokaa miezi. Ulikwenda kufuta mikunjo, umerudi na ushahidi. Mwale wa nanomita 1064 huzama zaidi na kuisumbua rangi kidogo. Mwambie daktari wa ngozi ajaribu kwanza sehemu ndogo nyuma ya sikio, kisha msubiri wiki kadhaa. Akikataa, chukua mkoba wako uondoke. Na kama unapaka mkorogo, mwambie yeye, hata kama mumeo hajui.

3. Nenda Ijumaa jioni. Uso utavimba na kuwaka kama uliochomwa na jua, kwa siku mbili tatu. Jumatatu ukiulizwa, sema ulilala vya kutosha.

4. Usikimbizane na harusi. Wiki mbili kabla ya sherehe ni kuchelewa. Anza nusu mwaka kabla. Utahitaji vipindi vitatu hadi vitano, kimoja kila mwezi, na kolajeni hujengeka taratibu kwa miezi. Huo utaratibu ndio maficho yako: mtu anayebadilika kidogo kidogo hakuna anayemshtukia. Wifi yako atasema tu kwamba umependeza, hatajua kwa nini.

5. Paka losheni ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi, kila asubuhi, hata ukishinda ndani. Miale inayokunja ngozi hupita kwenye kioo cha dirisha. Ukiiacha losheni, jua litakupokonya ulichoiba.

Mikunjo midogo ya pembeni mwa macho italainika. Ile mirefu inayoshuka kutoka puani hadi mdomoni itabaki karibu ilivyo. Anayekuahidi kuifuta kwa siku moja, usimpe uso wako.