Sifa za Tela Linalovuja

Shangazi yangu wa Tanga aliposikia nimenunua tela, aliuliza swali moja tu: "Utabeba nini, mwanangu? Mkonge?" Nikamweleza kwamba ni tela la kulala, lina jiko, friji, choo na vitanda, na kwamba tutalikokota nyuma ya gari letu mpaka ziwani, tulale humo siku tatu, kisha turudi nyumbani. Simu ikawa kimya. Halafu, kwa sauti ya chini ya mtu anayesitiri aibu ya ukoo, akauliza: "Mwenye nyumba kawatoa?"

Tangu siku ile naona nina deni la kulisifu hadharani. Tela lenyewe ni la mwaka 2006, urefu wake mita sita, na mimi ni mmiliki wake wa nne. Tunaishi Minnesota, jimbo ambalo vibao vya namba vya magari yake hujigamba kwamba lina maziwa 10,000, na kando ya mengi ya maziwa hayo kuna viwanja vya kambi. Tela jipya lingekula ada ya chuo ya mtoto. Hili la mtumba tulilipata kwa dola 5,200, pamoja na vitu ambavyo muuzaji alituachia bure: zulia moja, mapazia yenye picha za bata, na uozo.

Nianze na uozo, maana ndio uti wa mgongo wa sifa zake, na sehemu nyingine ndio uti wa mgongo wa tela lenyewe. Ukiyaona matela haya barabarani, meupe, yenye mistari ya madaha, utadhani ni chuma kitupu. Wapi. Ndani ya ukuta wa tela kama langu mna vijiti vya mbao vilivyoshikizwa kwa pini, plaiwudi nyembamba, pamba ya kuzuia baridi, na nje bati laini la aluminiamu. Paa ni plaiwudi iliyovikwa mpira. Kila palipotobolewa, iwe kwa dirisha, taa au tundu la hewa, kinachoizuia mvua ni gundi tu, na gundi hiyo hukauka kwa jua ikapasuka. Matela mengi ya Marekani hutengenezwa Elkhart na vitongoji vyake, kaskazini mwa Indiana, na miongoni mwa mafundi wa huko wamo Waamish wengi, watu ambao mila yao ya dini haiwaruhusu kumiliki gari na husafiri kwa kigari cha farasi. Nimeliwaza sana jambo hili nikiwa juu ya paa na gundi mkononi. Huenda aliyelijenga tela langu hana hata gari la kulivutia, na nina hakika nyumba yake haivuji.

Maji ya tela yana adabu. Hayaingii kwa kishindo. Hupenya kwenye ufa mdogo kule juu, yakateremka ndani ya ukuta kimya kimya, yakafika kwenye kona ya sakafu chini ya kitanda, na hapo yakafanya makazi miaka mitano bila kumsumbua mtu. Wajuzi watakwambia ubonyeze kila kona kwa kidole gumba, ufungue kila kabati na kuingiza pua, utazame chini ya godoro na pembeni mwa madirisha. Wengine huja na kipima unyevu chenye sindano mbili. Sisi tulikwenda na kifaa kikali zaidi: mtoto wa miaka sita.

Hapa nikiri kosa, kabla sijaendelea kusifu. Ukienda kununua tela, usiende na watoto. Mlango ulipofunguliwa tu, wanangu watatu walikiona kitanda cha dabodeka kule nyuma, kila ngazi na kidirisha chake na taa yake ya kusomea, na kabla sijasalimiana vizuri na muuzaji wakawa wameshagawana. Salma kachukua juu. Mapacha wanapigania chini. Muuzaji, mzee mpole aliyevaa kofia ya uvuvi, aliwatazama, akanitazama, akatabasamu. Bei ilipanda bila mtu kuitaja. Mama Salma akaninong'oneza, "Baba Salma, kaza uso." Nitaukaza vipi, na mtoto mmoja keshavua viatu?

Lakini ni yule yule aliyevua viatu ndiye aliyeruka kutoka kitandani akatua kando ya meza, juu ya zulia, na sakafu ikabonyea kama mkate wa kumimina. Tukasikia wote. Mzee akasema pale pamekuwa "laini kidogo." Mama Salma akalinyanyua zulia, na dola 700 zikashuka papo hapo.

Lugha ya wauzaji wa matela inastahili kamusi yake. "Halijawahi kuvuja" maana yake hajawahi kutazama. "Lina matumizi machache" maana yake limesimama uani miaka minane, likila jua, theluji na panya. Na kauli niipendayo kuliko zote ni ile ya kila chombo kilichokuwemo humo: "Mara ya mwisho kilifanya kazi." Hita? Mara ya mwisho ilifanya kazi. Pampu ya maji? Ilifanya kazi mara ya mwisho. Sikuuliza mara ya mwisho ilikuwa lini, na hilo nalijutia, maana huku maji yaliyosahaulika ndani ya mabomba huganda wakati wa baridi na kuyapasua; ndiyo sababu kila mwaka kabla ya theluji mwenye tela huyatoa maji yote na kupitisha dawa ya rangi ya pinki isiyoganda. Ungemwambia muuzaji afungue maji mbele yako, ukasikiliza. Mimi nilisikiliza hadithi zake za samaki.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tela limevipita vyote viwili: halijiuzi, na hata kujitembeza haliwezi, lazima livutwe. Na katika kuvutwa ndimo lilimonifundisha hesabu ambazo shule ilishindwa. Gari letu la familia limeruhusiwa kuvuta pauni 3,500, yaani kilo kama 1,587. Mzee alisema gari lolote linaliweza tela hili. Kibao kilichopigwa ubavuni kilisema likiwa tupu lina kilo 1,400. Tangi la maji safi linachukua lita 150, na lita ya maji ni kilo. Toa, toa tena: zinabaki kilo 37 kwa ajili ya magodoro ya ziada, mitungi ya gesi, vyombo, nguo za watu watano, na yale masufuria mazito ya mke wangu ambayo hakubali kuyaacha hata akienda Makka. Basi tunasafiri na tangi tupu na kulijaza tukifika, na masufuria yanakaa garini, miguuni pa mapacha. Hata kupanga mizigo ndani ya tela ni elimu. Uzito unaokalia kiungo cha gari unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela. Ukirundika vitu nyuma, kiungo kikawa chepesi, tela huanza kuyumba kama mlevi wa mnazi, na linaliyumbisha gari pamoja nalo.

Matairi yake yalikuwa meusi, yanang'aa, kashata zake nzima. Nikafurahi. Kumbe tairi la tela huzeeka zaidi kwa kusimama kuliko kwa safari. Pembeni mwa kila tairi pana tarakimu nne, juma na mwaka lilipotengenezwa: letu lilisema 2409, juma la 24 la mwaka 2009. Lilikuwa na umri mkubwa kuliko binti yangu. Tukanunua manne mapya na kupaka grisi mpya kwenye beringi kabla ya kwenda popote.

Friji lake nalisifu kwa unyenyekevu, kwa sababu silielewi. Huwasha moto wa gesi ili litengeneze barafu. Wala halikubali kufanya kazi sawasawa mpaka tela lisimame wima kama ukuta wa msikiti, kwa hiyo tukifika kambini, wakati wenzetu wanachoma nyama, mimi nimelala kifudifudi na pimamaji, na Salma anapiga kelele, "Baba, inua kushoto! Kushoto kwako, si kwangu!" Kuna matangi mawili ya majitaka, la maji ya kuoshea vyombo na lile jingine, liitwalo jeusi. Siri ya mtungi aijuaye kata. Siri ya tangi jeusi anaijua baba peke yake, Jumapili saa nne asubuhi, na glavu, kwenye foleni ya akina baba wenzake ambao hawatazamani usoni. Taa ya kuonyesha kiwango chake husema limejaa hata likiwa tupu. Nimeizoea. Ni sawa na yule jamaa ambaye kila ukimpigia yuko njiani.

Kwenye gesi, utani nauweka kando. Tela la kulala huwa na king'amuzi cha gesi ya kupikia na cha hewa ya sumu isiyo na harufu inayotoka kwenye moto usioungua vizuri, na ving'amuzi hivyo vina tarehe ya kufa. Vya kwetu vilikufa zamani. Vilikuwa pambo la ukuta. Tulivibadilisha kabla mtoto hajalala humo hata usiku mmoja. Na tela likiwa mwendoni hakai mtu ndani, hata walie vipi kwamba dabodeka lina kidirisha kizuri.

Safari ya tatu mvua ilitukuta usiku. Mvua juu ya paa lile ni ngoma kamili, na katikati ya ngoma nikasikia tone moja, halafu jingine, likidondokea juu ya meza. Mapacha wakaamka kwa shangwe, wakaleta sufuria (nakiri, ndipo nilipoyashukuru masufuria), wakakaa kuhesabu matone. Tanga ilikuwa asubuhi, na shangazi akapiga simu ya video kama kawaida yake. Salma akamzungushia kamera: kitanda, jiko, bata wa pazia, sufuria.

Shangazi alitazama kwa makini kama fundi. "Maji hayaingilii pale yanapodondokea," akasema. "Mwambie baba yako apande upande wa juu, paa linakoinuka. Kuna tundu huko."

Nikapanda dabodeka na tochi. Kiasi cha hatua moja kutoka kwenye tone, pembeni mwa tundu la hewa, mbao ilikuwa na mstari mweusi uliolowa, mwembamba kama utambi wa mshumaa. Miaka arobaini shangazi ameishi chini ya paa la bati lenye kutu, na hakuna aliyefikiri kumpeleka yule mama kukagua tela.

"Nimeliona, shangazi," nikamwambia.

"Haya. Sasa niambie, mwanangu. Mlilinunua kwa pesa ngapi?"

Nikamwambia mtandao unasumbua.