Bolti Iliyogoma: Maelezo Mafupi Kuhusu Kung'oa Bampa la Zamani

Kazi ya kufunga bampa la chuma kwenye pikapu, lile ambalo mafundi wengi wa Dar es Salaam na Tanga huliita ngao kwa sababu hutangulia mbele ya taa na rejeta kupokea yale ambayo dereva hakuyaona, huelezwa kwa hatua nyingi zenye michoro katika karatasi inayokuja na bampa hilo, na hatua ya kwanza huwa sentensi moja isiyo na mchoro wowote: ondoa bampa la awali. Aliyeiandika bila shaka alikuwa amesimama mbele ya gari jipya, ndani ya karakana yenye sakafu kavu, mbali na bahari, na ni haki kumtetea kwamba hakusema uongo; aliruka tu sehemu ya kazi inayokula siku nzima, akaeleza kwa kirefu ile inayokwisha kwa saa moja.

Bolti na nati hushikana kwa hesi, yaani mfuo unaozunguka shina la bolti na kuingiana na mfuo mwenzake uliochongwa ndani ya nati. Wengi hudhani kwamba nguvu ya mkono unaokaza huishia kubana vipande viwili vya chuma, lakini takriban asilimia 90 ya nguvu hiyo humezwa na msuguano, sehemu kubwa chini ya kichwa cha bolti na nyingine kwenye hesi, hivyo inayofanya kazi ya kubana ni kama sehemu moja tu katika kumi. Bolti mpya na safi, kwa hiyo, ni mbishi tangu kuzaliwa. Kutu huja kuipa cheo. Kutu hutokea chuma kinapokutana na oksijeni na maji, na huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, nafasi ambayo ndani ya hesi haipo, hivyo hujisokomeza palepale na kushindilia mpaka bolti na nati zinakuwa kama zilizaliwa pamoja. Chumvi huharakisha jambo hili, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi na kutu, kwa asili yake, ni shughuli ya umeme. Pikapu inayobeba samaki na barafu kutoka soko la Feri hudondosha maji ya chumvi njia nzima, na mwenye gari, anayehesabu kila shilingi ya nauli, hakumbuki kwamba bolti za bampa la nyuma nazo zilikuwa zikipokea fungu lake.

Kabla ya ubishi wa kutu upo ubishi wa namba. Katika magari ya Kijapani, bolti yenye unene wa milimita 12 kwa kawaida huwa na kichwa cha namba 17 na ile ya milimita 10 huwa na kichwa cha namba 14, ilhali kiwango cha kimataifa huzipa bolti hizohizo namba 18 na 16, na kiwango cha zamani cha Wajerumani huzipa 19 na 17. Matokeo yake ni kwamba bampa la zamani hufunguliwa kwa spana moja na jipya hufungwa kwa nyingine, na kijana wa gereji anayetumwa kuleta namba 17 hurudi nayo wakati ambapo mahitaji yameshabadilika. Hapo ndipo hujitokeza spana inayopanuka na kufinywa ili ikubali kila nati, ambayo gereji za Tanzania huiita spana malaya, jina lisilofaa mbele ya wakwe lakini lisilo na mpinzani katika uwanja wa kazi. Huingia kila mahali na kushika kwa uaminifu mahali pachache. Ikiteleza mara mbili au tatu, pembe sita za kichwa cha bolti hulika, na kichwa kilichokuwa na kona hubaki duara lisiloshikika kwa chochote. Soketi yenye pembe sita, inayokumbatia ubapa wa kichwa badala ya kung'ang'ania kona zake, ingeepusha msiba huo, lakini soketi hiyo, kwa kanuni isiyoandikwa popote, huwa imeazimwa na gereji ya jirani.

Hatua inayofuata ni bomba. Fundi huchomeka kipande cha bomba la maji kwenye mkono wa spana ili kuurefusha, na kwa muda huo mfupi sayansi yote husimama upande wake, kwa kuwa mtu wa kilo 70 akining'inia mwishoni mwa bomba la mita moja huzaa karibu nyutoni-mita 690, nyutoni-mita zikiwa ndizo kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Tatizo ni kwamba bolti ya milimita 12 yenye alama ya 8.8 kichwani, alama inayotaja uimara wa chuma chake, hukazwa kwa nyutoni-mita 80 au 90 hivi, na haikuundwa kuvumilia mara nane ya hizo. Mlio wa bolti inayolegea na mlio wa bolti inayokatika hufanana sana katika sekunde ya kwanza, na ndiyo maana watazamaji hushangilia mapema. Fundi huanguka na bomba lake, kijana hupiga kelele "Imekubali, bosi!", na kichwa cha bolti hubingirika mpaka chini ya tairi kikiwa peke yake.

Watazamaji hawa wanastahili maelezo, kwa sababu hakuna gereji ya chini ya mwarobaini isiyokuwa nao, na hakuna hata mmoja wao aliyekuja kwa ajili ya bampa. Mmoja hushauri nyundo, mwingine huapa kwamba gari la shemeji yake lilifunguka kwa maji ya moto, na wa tatu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, husimama nyuma ya fundi akimwelekeza upande wa kuzungusha. Suala la upande si dogo kama linavyoonekana. Fundi aliye juu hukishika kichwa cha bolti, na kijana aliyelala chini ya gari hushika nati upande wa pili wa chasisi; kila mmoja akizungushia kushoto kwake, vitu viwili huzunguka kinyume na bolti hulegea. Lakini fundi akishapaza sauti "Kushoto!", kijana mwenye adabu hufikiria kushoto kwa mkubwa wake badala ya kwake mwenyewe, hivyo bolti na nati huzunguka pamoja kwa utulivu mkubwa, kila mtu anafurahi kwamba kitu kimesogea, na robo saa hupita kabla ya mtu kugundua kwamba hakuna kilichofunguka.

Dawa za kulainisha nazo zina historia yake. WD-40, ambayo ndiyo hutajwa kwanza, ilibuniwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu, kwa hiyo kuilaumu kwa kutofungua bolti ya miaka 15 ni kumlaumu mlinzi kwa kutokuwa fundi wa kufuli. Mafuta maalumu ya kupenya hufanya vizuri zaidi, na mchanganyiko wa dizeli au mafuta ya taa na oili nyepesi haudharauliki, lakini yote huingia kwenye mianya ya hesi kwa kunyonywa polepole, na upole huo ndio ambao gereji haina. Fundi hupulizia, huhesabu mpaka tano, kisha hurudi kwenye bomba. Aliyesoma tabia ya kutu angepaka jioni, akagonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo ili kuutikisa unga wa kutu, akapaka tena asubuhi, kisha akaanza kwa kuikaza bolti kidogo kabla ya kuilegeza, kwa maana kukaza huvunja gundi ya kutu bila kuvuta hesi kuelekea uharibifu.

Moto ni hoja nyingine yenye nguvu. Nati ya milimita 12 ikipashwa joto kwa nyuzi 300 huongezeka upana wa tundu lake kwa takriban milimita 0.04, kiasi kidogo mno kuonekana kwa macho lakini kinachotosha kuvunja urafiki wa miaka, hasa mshumaa ukigusishwa kwenye hesi iliyo moto ili nta yake iyeyuke na kuingia ndani. Moto huohuo, hata hivyo, haujui mipaka kati ya nati, nyaya za taa na mabomba ya breki, na fundi mwenye busara huziondoa nyaya kwanza, ilhali yule mwenye haraka huziondoa kwa moto wenyewe.

Lililo baya kuliko yote ni nati iliyochomelewa ndani ya chasisi, mahali ambapo mkono haufiki. Kutu ikishinda ule mchomeleo, nati huanza kuzunguka pamoja na bolti ndani ya kibweta chake, nayo huweza kuzunguka hivyo mpaka magharibi bila kutoka. Hapo grinda haikwepeki, na cheche zake ndizo huwatawanya watazamaji ambao ushauri haukuwatawanya.

Ngao yenyewe, ikishafika zamu yake, huinuliwa na watu watatu, kwa kuwa ya chuma huweza kukaribia kilo 60, huingizwa kwenye matundu yake na kufungwa bila maneno mengi. Bolti zake na zipakwe grisi kwenye hesi kabla ya kukazwa, kwa huruma ya fundi wa kesho, na msomaji anayepanga kubadilisha bampa Jumamosi na aanze kupaka mafuta ya kupenya Jumatano.