Bomba la Shemeji

Ukitaka kujua kama tumbaku imelipa mwaka huu, usimsumbue karani wa chama cha msingi. Kaa kijiweni, karibu na stesheni ya Goweko, utazame pikipiki zinazopita. Mwaka mbaya hupita zilezile za mwaka jana, taa zimefungwa kwa vipande vya tyubu. Mwaka mzuri kila mtu ana kipya: vioo vya pembeni, kava la siti lenye nyuzi zinazoning'inia, redio ya kusikika hadi Igalula. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, yeye alinunua ekzosi.

Tena si ekzosi ya hivi hivi. Ni ya stenlesi, mtumba wa Japani, aliyoifuata mwenyewe Dar es Salaam, kule Gerezani kwenye vipuri. Akarudi nayo kwa treni. Kwenye rafu ya mizigo hakuiweka, chini hakuiweka, aliipakata. Fundi wa kuchomelea akaifunga kwenye pikipiki ambayo breki yake ya nyuma ilikuwa inashika siku ikijisikia. Wazee tukashauri: kijana, breki kwanza. Akatujibu kwa adabu zote kwamba breki haionekani.

Na kweli bomba lilionekana. Wanawake waliokwenda kisimani walirekebisha vilemba kwa kujitazama pale. Lakini kiangazi cha kwetu Uyui, mkoani Tabora, hakipendi kitu kinachong'aa. Kuanzia Juni hadi mvua za Novemba ni vumbi tu, na vumbi likikutana na bomba la moto halipangusiki, linaiva. Kufika Septemba sehemu iliyo karibu na injini ilikuwa imegeuka buluu, mbele kidogo zambarau, halafu njano. Huku nyuma palibaki ukijivu uliochoka. Pembeni palikuwa na doa jeusi la plastiki iliyoyeyuka: mfuko wa kubebea bidhaa, wa aina ile iliyopigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Kwa hiyo shemeji alikuwa anazunguka kijijini na kidhibiti cha mahakamani kimegandia ubavuni.

Akalileta suala kijiweni, chini ya mwembe. Hapo ndipo nilipojua kwamba Goweko haina mtu asiye mtaalamu wa ekzosi. Mmoja alisema majivu. Wa pili alisema ukwaju, maana bibi yake alisugulia sinia za shaba. Wa tatu, dawa ya meno. Wa nne, ambaye hana hata baiskeli, alipendekeza ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, kwa hoja kwamba ikiweza shati itashindwaje bomba. Mtani wetu wa Kizaramo, mwenye duka, alitusikiliza mpaka mwisho kisha akatupa lake: "Nyie Wanyamwezi babu zenu walibeba pembe hadi pwani kwa mabega, leo mnashindwa na kibomba?"

Tulimjibu kama mtani anavyojibiwa, na majibu yenyewe hayaandikiki. Ila alikuwa amegusa jambo. Njia ya misafara ya Bagamoyo ilipita pande zetu hizi, Tura, Rubuga, Kigwa, hadi Unyanyembe, na mojawapo ya mizigo iliyopanda bara pamoja na merikani na shanga ni nyaya nene za shaba. Watu walizivaa mikononi na miguuni. Wapagazi walitembea miezi na mzigo mabegani ili mtu fulani, mahali fulani, amemete kifundoni. Kwa hiyo shemeji hakuanzisha ugonjwa, aliurithi.

Katika dawa zote alizopewa akachagua ambayo hakuna aliyeisema: stilwaya ya masufuria. Alisugua jioni nzima kwa nguvu za mtu anayedai haki. Bomba likang'aa, akalala na furaha. Usiku kukawa na manyunyu. Asubuhi ananiita: bomba limejaa madoa madogo ya rangi ya chungwa, kuanzia shingoni hadi mkiani. Kutu! Stenlesi imeota kutu! Akaapa kupanda treni kwenda kumtafuta muuzaji.

Muuzaji hakuwa na kosa. Mwaka 1913, huko Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa anatafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi, akaangukia chuma kigumu kushika kutu kwa sababu kimechanganywa na kromiamu. Leo chuma hakiitwi stenlesi mpaka kromiamu yake ifike walau asilimia 10.5. Kromiamu hiyo ikikutana na hewa hujifunika utando usioonekana, mwembamba kuliko unywele mara maelfu, na utando ndio mlinzi. Ukiukwangua, hujirudisha wenyewe pakiwa pasafi. Tatizo ni kwamba stilwaya ya kawaida ni chuma cha kawaida. Ukisugulia kwa nguvu inaacha chembe zake, na chembe zile zikipata maji ndizo zinazooza. Shemeji alikuwa na kutu ya kuazima.

Nilimweleza hivyo. Akaniambia, "Shemeji, wewe umesoma sana," na kwetu hiyo ni namna ya kumwambia mtu anyamaze.

Hapo ndipo nta ilipoingia. Tabora ni nchi ya asali. Misitu ya miombo imejaa mizinga ya magome, na nta haikosekani. Shemeji akaenda kwa mzee mmoja mrina asali, akanunua bonge la nta. Mzee hakuuliza ya nini. Kwetu kijana akitafuta nta, maana yake ana mzinga mpya anataka kuupaka ndani ili harufu iwaite nyuki waje kuhamia. Mzee akampa na baraka juu.

Shemeji akakwangua kutu yake ya kuazima, akapaka nta bomba zima, akasugua kwa kipande cha kanga kuukuu. Sina budi kusema kweli: lilipendeza. Na alikuwa na sababu ya kulipendezesha, kwani asubuhi ile mama mkwe wake alikuwa anashuka kwenye treni.

Treni iliingia jua limekwishachomoza. Mama akashuka na begi na tenga lenye jogoo. Shemeji akainama, macho chini kama ukwe unavyotaka. "Shikamoo mama." "Marahaba baba." Mama naye hakumtazama mkwewe usoni, akatazama bomba, akajiona, akaweka kilemba sawa. "Una chombo kisafi, baba." Sijamwona shemeji akifurahi vile, hata siku ya malipo ya tumbaku.

Mama akapanda upande, miguu kushoto, mbali na bomba, jogoo mapajani. Mimi nikafuata kwa baiskeli na begi. Sasa, nta huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 65 hivi, na bomba la pikipiki hupita hapo hata kabla hujaingiza gia ya pili. Ukaanza moshi mweupe. Ikafuata harufu tamu ya asali, nzuri ajabu, mpaka mama akauliza kama kuna watu wanarina karibu. Upindo wa kitenge ukapeperuka upande wa kulia, ukatua kwenye bomba, ukanata. Kisha akaja nyuki mmoja. Akaenda. Akarudi na ukoo.

Mama mkwe ni mtu wa maamuzi: alijifunika kitenge kichwani akatulia tuli. Jogoo alitafuta njia akaipata. Shemeji akapiga breki, na breki siku hiyo haikujisikia. Wakapita nyumbani, wakapita bani la tumbaku la jirani, wakaenda kusimama kwenye mchanga nyuma ya ua wa migomba, wakalala polepole upande wa kushoto. Hakuumia mtu. Ila nyuki alikuwa amemtia shemeji mwiba kwenye mdomo wa juu, ukavimba, na salamu rasmi za ukweni zikatolewa na mke wangu kwa niaba yake. Pikipiki iliachwa palepale mpaka jioni, nyuki wakiikagua. Jogoo alipatikana kesho yake. Mzee mrina asali alipopata habari alisema tu kwamba nta yake ni nzuri.

Aliyemaliza kesi ni mstaafu mmoja wa karakana ya reli. Hakutoa hotuba. Alisubiri bomba lipoe kabisa, akalikwangua plastiki kwa kijiti, akaosha kwa maji ya sabuni ili kuondoa nta na vumbi. Akapaka dawa ya meno kidogo kwenye kitambaa laini, akasugua kwa kufuata mistari ya chuma badala ya kuzungusha, akasuuza, akakausha. Dawa ya nguo nyeupe aliikataa kata kata, kwa kuwa klorini hutoboa utando na kuacha vishimo. Tulipomwonyesha ile njano, zambarau na buluu akasema huo si uchafu. Ni utando uleule ulionenepa kwa moto; unaanza na njano ya majani makavu kwenye nyuzi 300 hivi, na moto ukipanda unafika buluu. Ukiuondoa leo, wiki ijayo utarudi.

Basi, msomaji mwenye bomba lililofifia, fanya hivyo hivyo: lipoe, sabuni, kitambaa, likauke. Buluu iache, ni cheti kwamba injini inafanya kazi. Hela inayobaki nunua brekishu. Na ukimwona shemeji wako anakuja na stilwaya, mpe masufuria.