Bi Sampuli na Kopo la Hamira

Wewe mwenye mama mkwe wa kutembea na sampuli, sogea tupeane pole. Wa kwangu, ambaye wajukuu wanamwita Bi Sampuli, haendi dukani bila kopo la zamani la kitu anachokwenda kununua. Chanzo ni kijana wetu mkubwa: alitumwa hamira, akarudi na baking poda, maandazi ya futari yakagoma kuumuka. Mpaka leo haaminiwi hata kutumwa chumvi. Na mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, bibi akahalalisha kabisa kikapu chake cha ukindu, ambacho humeza sampuli zote.

Basi tunatoka supamaketi moja hapa Dar es Salaam, tumeshalipa, mlinzi akachungulia kikapu. Makopo ya hamira mawili, risiti inasema moja. Akamshika bibi mkono. Redio, kitinda mimba wetu, akatangaza mpaka upande wa mikate wakasikia: "Bibi kakamatwa!" Foleni nzima ikageuka. Mama aliyesomesha watoto kwa vitumbua akajifunika uso kwa kanga. Iliniuma sana.

Akaja meneja na karatasi: kiri, lipa mara kumi, yaishe, la sivyo chumba cha nyuma, ukapekuliwe. Hapo ndipo mke wangu alipoingia. Ni karani wa mahakama, nyumbani tunamwita Mwanasheria Mkuu, na mimi kubishana naye nilishaacha zamani.

"Mdogo wangu, mwachie mama mkono," alimwambia mlinzi. "Kama mmemkamata, muiteni polisi sasa hivi."

Alikuwa sahihi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa raia nafasi ya kumkamata anayetenda kosa mbele yake, ila lazima amkabidhi polisi bila kuchelewa. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, tena kwa staha. Duka halina mamlaka ya kumtoza mtu faini, na karatasi ya kukiri usiisaini hata kama watoto wanalia njaa. Omba picha za kamera zihifadhiwe, andika saa, chukua namba za walioshuhudia. Kumzuia mtu isivyo halali ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na aliyezuiwa anaweza pia kudai fidia mahakamani.

"Sasa fungueni hilo kopo," mke wangu akasema. Hakuna aliyekuwa amelifungua! Lilikuwa nusu, na kijiko cha bibi kimo ndani. Kamera nayo ikamwonyesha akiingia nalo mkononi.

Meneja akatukaribisha ofisini, soda baridi, atuombe radhi. Mwanasheria Mkuu akakataa. Mama kaitwa mwizi mbele ya foleni, radhi iombwe mbele ya foleni. Namuunga mkono kwa moyo wote. Ibara ya 12 ya Katiba yetu inataka utu wa kila mtu uheshimiwe, na soda ya chumbani haimrudishii mtu jina lake. Meneja akatoka, akaomba radhi pale pale kwenye kaunta, kwa sauti.

Nyumbani nikapendekeza makopo yabaki jikoni. Nikapigiwa kura ya hapana, hata Redio akanikana. Tulichokubaliana ni bibi kumwonyesha mlinzi sampuli yake wakati wa kuingia. Jumamosi ijayo tunakwenda kununua kapeti, na ameshaanza kulikunja la sebuleni.