Mashimo 18, Mengine ya Mfukoni

Wakala wetu wa safari, mwenye ofisi ghorofani Kariakoo, alituahidi gofu ya kiungwana kule kaskazini: mashimo 18, vijana wa kutubebea vijiti, chakula cha mchana, basi lenye kiyoyozi. Sisi wauza vitenge na vipuri tukachanga, maana siku hizi, tunaambiwa, mikataba minono husainiwa kwenye nyasi.

Basi lilikuja. Kiyoyozi kilikuwa dirisha. Uwanjani tukakuta mashindano ya wanachama, wageni hawaingii, basi mashimo tukayahesabu kupitia uzio. Chakula cha mchana kilikuwa soda, na chupa zikadaiwa.

Tuliporudi kudai chetu, dada wa mapokezi, macho kwenye simu, akatuonyesha kibao ukutani: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Bosi je? Yuko kikaoni. Kesho yake, kikaoni. Kikao hicho kingekuwa cha Bunge, bajeti ingekwisha kupita.

Na hapo chini tu, Mtaa wa Kongo, machinga wa soksi anakufuata hatua ishirini: "Karibu mama, kuangalia bure, bei tutaelewana!" Soksi ikikubana anakubadilishia, na ukirudi anaikumbuka saizi yako. Soko kuu la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, wenzetu walianza upya kwingine na wateja wakapigiwa simu. Wakala wetu ana ofisi, ana kiyoyozi kinachofanya kazi, na hapatikani.

Wenye hamu ya gofu, klabu ya Gymkhana ipo hapa hapa mjini. Ulizeni wenyewe kama wageni wanaruhusiwa, lipeni wenyewe, na mdai risiti ya EFD.