Sifa za Kengele Yenye Makengeza

Kati ya vyote vilivyowahi kupigiliwa mlangoni, hakuna kinachotukanwa bila haki kama kengele ya kamera ya kampuni ya Ring, ile ya kwanza ya mwaka 2014. Picha yake ni ya 720p. Mgeni akibonyeza, huanza kujikusanya kama mzee anayetafuta miwani; mpaka simu ya mwenye nyumba ilie na programu ifunguke, kinachoonekana ni mgongo unaoishilia barabarani. Ndiyo maana kila msimu wa bei za punguzo Wamarekani walio nayo hujiuliza kama hawajachelewa kuibandua na kuweka mpya, yenye picha ya pikseli 1536 kwa 1536, imwonyeshayo mgeni tangu utosini hadi kisiginoni, pamoja na kifurushi alichokiweka chini. Nasema iachwe palepale. Kasoro yake ndiyo adabu yake.

Inalaumiwa kwamba haitambui sura. Lakini sura za nani? Mchana kutwa hupita mpeleka barua, mtoto anayefuata mpira, paka na kivuli cha mti. Mwizi ni mgeni wa nadra. Kengele yenye makengeza huwachukua wote kuwa hawana hatia, na haina uwezo wa kuthibitisha vinginevyo. Jicho kali halina staha hiyo, na linachokiona hakilali nyumbani, huenda kwenye seva za kampuni. Mei 2023 Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani iliishtaki Ring kwa kuwaachia wafanyakazi na makandarasi wake mwanya wa kutazama video za faragha za wateja. Kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Kweli, kisa hicho kilihusu zaidi kamera za ndani ya nyumba. Basi twende Oxford, ambako Oktoba 2021 mahakama iliamua kwamba mtu aliyezungushia nyumba yake kamera, kengele ya aina hii ikiwamo, alivunja sheria ya kulinda taarifa za watu. Kilichomponza zaidi ni sauti: vyombo vyake vilisikia mazungumzo ya majirani waliokuwa mbali na mlango wake. Masikio makali nayo ni balaa.

Atakayenipinga atasema hofu ya watu si mzaha, naye atakuwa na shahidi mzito: Marie Van Brittan Brown, muuguzi wa Queens, New York, aliyebuni ulinzi wa nyumba kwa kamera mwaka 1966 kwa kuwa polisi wa mtaani kwao walikawia kufika. Namvulia kofia. Ila kamera yake ilipanda na kushuka kwenye matundu ya mlango wake, na picha ikatokea kwenye televisheni chumbani mwake. Alitaka kujua nani anabisha. Hakutaka kuweka kumbukumbu za mtaa. Na wizi wa vifurushi? Kengele mpya humwezesha mwenyewe, akiwa kazini, kuona vizuri sana mali yake ikiondoka. Ya zamani, kwa kuwa haiaminiki, humlazimisha aliyeko nyumbani kuinuka, kwenda mlangoni na kuuliza, "Nani?" Ulinzi huo haujapata mpinzani.

Upya wenyewe hauna dhamana. Ndugu yake wa toleo la pili, mwenye 1080p, alitangazwa rasmi kuwa hatari Novemba 2020, takriban kengele 350,000 nchini Marekani, kwa kuwa skrubu isiyo yake ingeweza kuumiza betri na kuwasha moto. Huyu mkongwe hakutajwa. Yeye akiishiwa chaji hufunguliwa kwa bisibisi na kupelekwa mzima mzima kwenye waya, akakaa saa kadhaa, na kwa saa hizo mtaa mzima hupita bila kuandikwa popote. Ni mapumziko ambayo hakuna tangazo la biashara linaloyauza. Betri yake ikifa kabisa, hapo mwenyewe ana ruhusa yangu ya kununua mpya, mradi anunue na utepe mweusi wa fundi umeme, kipande cha kutosha kufunika kioo.