Usipeleke Utengano Ukweni

Desemba ikianza, mimi huandika orodha ya vitabu vya kusoma sikukuu. Naiandikia Dar es Salaam, jasho likinitiririka, na labda ndiyo maana orodha zangu hujaa ndoto za baridi: shuka zito, chai ya tangawizi, kiti barazani ukweni Kibosho, Mlima Kilimanjaro mbele yangu na hakuna mtu wa kunisemesha. Katika hayo yote kilichowahi kutimia ni mlima peke yake, nao mara nyingi huwa umejifunika mawingu.

Wenye bahati hiyo ni watu wa Aislandi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia bidhaa nyingi ziliadimika kwao, lakini karatasi haikubanwa sana, basi wakazoea kupeana vitabu. Hadi leo wachapishaji wao hutoa vitabu kwa wingi miezi ya mwisho wa mwaka, na mkesha wa Krismasi mtu akishafungua zawadi yake anapanda nayo kitandani. Mjini Reykjavik siku hiyo jua huzama kabla ya saa kumi alasiri. Nje giza, ndani kimya, mbuzi hakuna. Wasiposoma wafanye nini?

Kibosho mbuzi yupo. Kuna kisusio, kuna mtori, kuna machalari, kuna mbege ambayo wazee lazima waionje mapema wasije wakaaibika mbele ya wageni. Na nyuma ya sufuria zote hizo kuna mkamwana aliyekaa kwenye kigoda anamenya ndizi. Mimi ndiye mkamwana. Utomvu wa ndizi mbichi, kwa asiyeujua, huganda mikononi ukawa mweusi, na ukishafika kwenye ukurasa hautoki. Nakala yangu ya Kuli ya Adam Shafi ina alama za vidole ambazo polisi wangezishangilia.

Lakini utomvu ni jambo dogo. Mwaka jana begi langu lilifunguliwa sebuleni, mbele ya ukoo, ili zitolewe nazi na vitenge nilivyowaletea kutoka Tanga. Mama mkwe akaingiza mkono, akaibuka na kitabu. Akakisoma jalada polepole. Utengano. Akamtazama mwanawe, akanitazama mimi, akakirudisha begini kwa adabu na kuondoka kuelekea jikoni bila nazi.

Jioni niliitwa. Baba mkwe alikuwa ameketi na wajomba wawili, mume wangu ametolewa kwa mbuzi, kisu bado mkononi.

"Mwanangu," Baba akaanza, "hakuna nyumba isiyo na maneno. Kama kijana wetu amekukosea, yaseme hapa. Usifike mahali pa kuyasomea."

"Baba, hiyo ni riwaya tu. Imeandikwa na Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari. Ilitoka mwaka 1980."

"Inahusu nini?"

Mtu mwenye akili angesema inahusu kilimo cha karafuu. Mimi nikaeleza: kuna Bwana Maksuudi, tajiri, anawafungia wanawake wake ndani, anampa mkewe talaka, familia inasambaratika.

Pakawa kimya. Mume wangu akaweka kisu chini.

"Kumbe na talaka imo," akasema mjomba mkubwa.

Nilitetewa na Mama. Alikwenda mwenyewe kupekua begi, nadhani akitafuta ushahidi wa upande wa pili, akarudi anatabasamu. Alikuwa ameshika Rosa Mistika. Kwa Mkatoliki wa Kibosho hilo ni jina la Bikira Maria, limo kwenye litania. "Mnamwonea bure," akawaambia wazee, "mtoto wa watu anasali." Kikao kikafungwa, mbege ikamiminwa, na Mama akasema kitabu kile atabaki nacho akisome taratibu kabla ya Misa ya mkesha.

Hapo nilikosa usingizi. Riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, iliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Rosa ni msichana wa Ukerewe anayelelewa na baba mkali kupita kiasi, na akishapata uhuru chuoni anafanya mambo ambayo siwezi kuyasimulia mbele ya mama mkwe. Nilijaribu kukikomboa kwa kila njia. Nilimpelekea kitabu cha nyimbo, akakikataa. Nilimwambia maandishi yake ni madogo, akavaa miwani. Kanisani akawa nacho kwenye mkoba, karibu kabisa na rozari.

Siku mbili baada ya Krismasi aliniita mgombani, mbali na watu. Nikajiandaa kwa kikao kingine.

"Huyo baba yake Rosa," akasema kwa hasira, "ndiye mwenye makosa. Huyo kijana aliyeandika ana kitabu kingine?"

Sikumwambia kwamba huyo kijana alizaliwa 1944 na alishafariki 2020. Nilimpa Dunia Uwanja wa Fujo. Akasoma jina, akageuza macho kuelekea uani, ambako wajukuu walikuwa wanamkimbiza kuku wa jirani na shemeji zangu wanagombania spika ya muziki, akanirudishia. "Hiki nakijua."

Mzimu wa Watu wa Kale sikupata hata kukianza. Nilikuwa nimeweka hamu yangu yote kwa mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake, ila shemeji mmoja aliyekisoma zamani akanitajia muuaji huku akiomba chumvi.

Nikabaki na Peponi, ile Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobeli ya mwaka 2021, ambayo Ida Hadjivayanis ameifasiri kwa Kiswahili kizuri mno. Mpwa wa mume wangu, mtoto mdadisi, alinikuta nasoma chooni kwa tochi ya simu, akagonga hadi nikatoka, akataka asomewe. Nikamsimulia kwamba Yusuf anachukuliwa kwao na Ami Aziz kwa sababu ya deni la baba yake.

Akafikiri. "Anti, na wewe mjomba alikuchukua Tanga kwa deni?"

Alikwenda kumuuliza babu yake swali hilo hilo, na wajomba walikuwa bado hawajaondoka.

Desemba hii nimefunga Nagona peke yake. Ni ya Kezilahabi pia, kurasa zake hazifiki mia, na wasomi wakubwa bado wanabishana inasema nini. Ukoo mzima umeshaishika, ukaisoma kidogo, ukaiacha mezani. Na wewe shemeji uliyeondoka na Peponi baada ya mwaka mpya, ukisoma hapa, tafadhali irudishe. Sijafika nusu.